Uzi maalumu: Kuondoa umeme relini na kuweka betri na rimoti ndani ya kichwa cha garimoshi la modeli

#1 Taruma_Kuukuu

Wakuu, habari za mihangaiko.

Tangu niweke picha ya kile kichwa cha rangi ya damu ya mzee kule jukwaa la picha, maswali yamejaa PM na yote yanafanana: kinatembeaje wakati hakuna waya wowote unaokwenda relini? Nimeona nifungue uzi, majibu yakae mahali pamoja na mafundi wengine waongeze nyama.

Kwa wageni wa mambo haya: huku Uingereza niliko, na Ujerumani na Marekani pia, kuna watu wazima na akili zao timamu wanaotandika reli bustanini na kuendesha treni za modeli. Reli iliyozoeleka ina upana wa mm 45. Kampuni ya Lehmann ya Nürnberg ndiyo iliyoisambaza sana, ilipoanza kuuza treni za LGB mwaka 1968 kwa skeli ya 1:22.5. Sasa zidisha: 45 mara 22.5 ni mm 1012. Hiyo ni reli ya mita moja bwana! Ndiyo ya Dar–Kigoma, ya Tanga–Moshi, na ya zamani ya Mombasa–Nairobi. Wajerumani walikuwa wanawaza vireli vyao vya milimani, lakini kipimo kimetuangukia sisi. Wapenzi wa TAZARA mtanisamehe, mm 1067 inakataa kidogo. Na SGR kwenye reli hiyo hiyo inataka skeli ya 1:32.

Changu ni kichwa cha kiwandani cha magurudumu 2-8-2 (mawili mbele, manane ya kusukuma, mawili nyuma), nimekibadilisha kibanda cha dereva na tenda, yaani kile kibehewa cha maji na mafuta nyuma ya kichwa, kifanane na daraja la 29 la East African Railways, vile vichwa vya majina ya makabila vilivyojengwa na North British kule Glasgow miaka ya 50.

Kwa nini betri? Kwa sababu treni hizi zikitoka kiwandani huchota umeme relini. Reli moja chanya, nyingine hasi, magurudumu yanapokea, mota inazunguka. Sebuleni safi kabisa. Nje, reli za shaba zinapata utando mweusi, konokono anapita usiku anaacha ute, majani yanadondoka, na kichwa kinaanza kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Unatumia asubuhi yote kusugua reli badala ya kuendesha treni. Tena ukitaka kitanzi, yaani treni izunguke irudi kwenye njia ile ile iliyotoka, reli ya kulia inakwenda kukutana na ya kushoto na unapiga shoti. Kuna vifaa vya kutibu hilo, lakini ni nyaya juu ya nyaya.

Betri ikikaa ndani ya kichwa, hayo yote yanakufa. Reli inabaki kuwa njia tu. Ukitaka tandika ya alumini, au ya plastiki.

Kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni kununua rimoti kwanza, kwa sababu ndiyo inayopendeza mkononi. Rimoti iwe ya mwisho. Anza na mota, kisha nafasi.

Mota unaipima ampea. Chukua betri ya 12V, weka mita mfululizo kwenye waya chanya, swichi ya mita iwe kwenye ampea 10. Soma mara tatu: magurudumu yakiwa hewani, kichwa kikivuta mabehewa unayokusudia, na mwisho, umeyakaba magurudumu kwa mkono yasizunguke, sekunde moja tu, usije ukaichoma. Namba ya mwisho ndiyo inayochagua ESC, yaani kidhibiti mwendo; chukua cha angalau mara mbili ya hiyo. Namba ya katikati ndiyo inayochagua betri.

Changu kinavuta mabehewa manne kwa chini kidogo ya ampea 1, na kikikabwa kinafika 3.5. Kwa hiyo ESC ya ampea 10 ya mota za brashi inatosha na inabaki. Betri ni seli tatu za 18650 (zile za lithiamu za mviringo zilizomo kwenye betri za laptop) mfululizo: 11.1V kwa jina, 12.6 zikijaa, mAh 3000. Zinanipa karibu saa tatu bila kuzikamua.

Mtaniambia mota imeundwa kwa 18V na zaidi, 11.1 itakuwa goigoi. Piga hesabu tena: treni ya mizigo inayokwenda km 40 kwa saa, kwa skeli hii ni nusu mita kwa sekunde. Garimoshi linalopita bustanini kama bodaboda ndilo linaloharibu picha, si hili.

Kisha kata nyaya zote zinazotoka kwenye magurudumu. Sisemi uzifunge tepu. Toa na brashi zake zinazogusa magurudumu. Siku utakayoalikwa kwa mwenzako ambaye reli zake zina umeme, umeme wake na betri yako vitakutana ndani ya kichwa chako, na lithiamu ikikasirika hairudi nyuma.

Nikirudi nitaandika kuhusu tenda.

#2 Mkeka_Mpana

Natandika mkeka hapa. Mkuu shusha madini.

#3 BintiKigoma

Mkuu Taruma, asante. Mimi niko Dar, nilinunua kichwa kidogo mtumbani, hakina tenda, kina matenki ubavuni tu. Kinafanya kazi nikikigusisha waya. Swali langu: seli hizo nazitoa wapi? Na hapa mtaani kuna seli zimeandikwa mAh 9900, si ningenunua hizo nikamaliza?

#4 Luthuli_Fundi

BintiKigoma alisema:
> seli zimeandikwa mAh 9900

Dada, hapo usiguse. Niko Nairobi, kazi yangu ni kufungua betri za laptop kila siku. Seli ya 18650 ya ukweli kwa kawaida inaishia karibu na mAh 3500. Hiyo ya 9900 ni karatasi tu imeandikwa. Iweke kwa mizani: seli nzuri ina gramu kama 45 hivi. Hizo feki nyingi ni nyepesi, zingine ndani wamejaza vumbi.

Nenda kwa mafundi wa laptop Kariakoo, waombe pakiti zilizokufa. Mara nyingi pakiti ya seli sita, seli moja au mbili ndizo mbovu na zingine bado ziko poa. Pima kila moja. Iliyoshuka chini ya 2V achana nayo, hata kama ikichajiwa inapanda. Zilizobaki jaza hadi 4.2, ziache wiki moja, pima tena. Inayoshuka yenyewe bila kazi, tupa kando. Halafu chagua tatu zinazofanana. Seli tatu zisizolingana kwa pakiti moja ni shida, ile dhaifu inaisha kwanza na zile zingine zinaendelea kuisukuma.

Na weka BMS ya 3S, yaani kibodi cha kulinda pakiti ya seli tatu mfululizo. Si ghali. Lakini isiwe ndiyo breki yako ya kila siku, kwa sababu nyingi zinakata ikiwa seli imeshafika kama 2.5V na zinakata ghafla. Acha ESC ikate mapema, 3.2 kwa seli hivi.

#5 Taruma_Kuukuu

Luthuli_Fundi umemaliza, sina la kuongeza zaidi ya fyuzi. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, kabla ya swichi na kabla ya kila kitu. Kwa changu ni ya ampea 5.

Na kwa wanaosafiri: seli za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi la kuchekiwa, unazibeba mkononi, ncha zake zimefunikwa. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 kwa betri, na pakiti kama yangu ni Wh 33 tu, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi.

Sasa tenda. Wanaogeuza modeli za Kizungu wana kazi ya kutengeneza lundo la makaa la kuinuliwa ili wafikie betri. Sisi tumepona, kwa sababu daraja la 29 lilichoma mafuta mazito. Juu ya tenda hakuna makaa, kuna tenki lenye mfuniko. Nimelifanya tenki zima liwe kifuniko kinachoshikwa na sumaku ndogo nne. Ukilinyanyua unakuta betri, fyuzi na plagi ya kuchajia. Swichi iko chini ya kile kifuniko cha kujazia maji. Ukikiangalia ukiwa umesimama huoni kitu.

Uzito wa betri ukiwa kwenye tenda hausaidii magurudumu ya kichwa kushika reli. Kwa hiyo ndani ya boila, mahali ilipokuwa saketi ya kiwandani, nimeweka vipande vya madini ya risasi. Ila pima ampea upya baada ya kuongeza uzito. Kichwa kizito mno hakitelezi kinapozidiwa, na magurudumu yasipoteleza mota inakabwa. Mimi napenda magurudumu yateleze kwanza.

#6 Mzee wa Stesheni

Vijana nawasalimu. Nimesoma nikacheka peke yangu. Nimefanya kazi reli tangu enzi za Jumuiya, Tabora na baadaye Voi, na hivyo vichwa vya makabila nimevipanda. Sasa mnaniambia garimoshi la betri! Moshi uko wapi? Mvuke uko wapi? Hiyo ni treni ya umeme iliyovaa koti la mzee.

Nasikia huko Ulaya kuna modeli zinazochemsha maji kweli. Kwa nini msifanye hizo?

#7 Taruma_Kuukuu

Shikamoo mzee wangu. Karibu sana, uzi sasa umepata mwenyewe.

Zipo mzee, na huku ni nyingi. Roundhouse wa Doncaster wanazitengeneza tangu miaka ya 80: boila ya shaba, gesi ya butani inawaka kwenye bomba lililopita ndani yake, mvuke unasukuma pistoni kama zile ulizopanda. Kuna Mamod pia, ndogo na ya bei nafuu kidogo. Na zenyewe huwekwa rimoti, ila betri haisukumi gurudumu lolote. Inalisha risiva (kipokezi cha rimoti) na sevo mbili tu, yaani vimota vya kusogeza mkono: moja inafungua na kufunga regyuleta, ile vali ya mvuke, nyingine inasogeza rivasi. Betri nne za kawaida za AA zinatosha. Kazi kubwa ni kuziweka mbali na moto, kwenye tenda au pembeni mwa tenki, kwa sababu kule kibandani joto linalainisha plastiki.

Nakubali kuwa mwenye mvuke halisi ana raha nisiyo nayo mimi. Lakini ile ya mvuke unaiwasha, unangoja presha, unaijaza mafuta na maji, unaihudumia na kuifuta. Mimi nikitoka kazini jioni za huku nina dakika ishirini za mwanga. Nabonyeza swichi, treni inaondoka.

Ninachokikataa ni kitu kimoja: mtu kuchukua modeli ya mvuke halisi yenye boila nzima, akaichimba matumbo ili aweke mota. Modeli za umeme zilizoharibika zimejaa sokoni, geuza hizo.

#8 Mzee wa Stesheni

Marahaba. Hapo umesema. Na sauti je? Ile Garratt kubwa nilipokuwa Voi ilikuwa na injini mbili, mbele na nyuma. Ikipanda mlima unazisikia zinapiga pamoja, halafu polepole zinaachana, inakuwa kama ngoma mbili, halafu zinakutana tena. Usiku ukilala karibu na njia unajua ni yenyewe kabla ya kuiona. Muweze hiyo.

#9 Luthuli_Fundi

Mzee, shikamoo. Hiyo inawezekana na ni rahisi kuliko vile unafikiria.

Injini ya silinda mbili inapiga mara nne kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Unabandika sumaku ndogo nne kwa ekseli, swichi ya sumaku kando yake, kila sumaku ikipita kadi ya sauti inapiga "chaf" moja. Kwa Garratt unaweka kadi mbili, spika mbili, kila moja inasikiliza ekseli ya injini yake. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayawezi kuzunguka sawasawa kabisa, moja litateleza kidogo hapa, lingine pale, kwa hivyo sauti zitakutana na kuachana zenyewe. Hakuna haja ya programu.

Hapa Nairobi makumbusho ya reli tuko na mbili za daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena. Nimezipima kwa macho mara nyingi nikiwaza hii kitu.

#10 Taruma_Kuukuu

Zote mbili milima ya Bongo hiyo, Gelai kule Ziwa Natron na Shengena ya Upare. Mmetulalia 🙂

Daraja la 59: 34 zilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester, 1955 na 1956, tani 252 kila moja, urefu karibu m 31.7. Kwa 1:22.5 unapata kichwa cha mita 1.4. Cha ajabu ni kwamba nafasi si tatizo. Tenki la maji la mbele linameza betri, la mafuta nyuma linameza ESC na spika. Na kwa sababu kila injini inageuka yenyewe, moja mbele ya boila na moja nyuma yake, kona inakata vizuri kuliko modeli ndefu ya kawaida.

Ugumu uko kwenye nyaya zinazovuka pale inapojikunja. Tumia waya laini wa silikoni, uache ulegee. Mota mbili ziunganishe sambamba kwenye ESC moja, ampea zake unajumlisha. Usiziunganishe mfululizo: injini moja ikiteleza itanyakua volti na kumwacha mwenzake hana nguvu, mahali unapomhitaji zaidi.

#11 Koleo_la_Moto

Salaam kutoka Ujerumani. Niongeze kwenye redio, hamjaigusa.

Rimoti za 2.4 GHz zina antena fupi, ule waya unaopokea ni kama mm 31 tu. Wengi wanaufungia ndani ya boila ya chuma, kisha wanalalamika treni inakata mawasiliano nyuma ya kichaka. Upandishe kwenye kibanda cha dereva, chini ya paa la plastiki, mbali na risasi na mota. Na kwenye mota soldea kapasita ya nF 100 kati ya ncha zake mbili, cheche za brashi zinachafua mawimbi.

La pili, mawasiliano yakikatika treni ifanye nini? Mimi changu nimekiset kiendelee na mwendo uliokuwepo. Nina handaki chini ya ngazi. Kikisimama humo ndani, nalala chini kwa tumbo na fimbo ya ufagio.

#12 Taruma_Kuukuu

Koleo_la_Moto alisema:
> changu nimekiset kiendelee na mwendo uliokuwepo

Hapa ndugu yangu sikubaliani. Ikiwa betri ya rimoti yako imekufa, treni hiyo inaendelea mpaka wapi? Bustani nyingi zina bwawa, mtoto wa jirani, na treni ya pili kwenye njia hiyo hiyo. Isimame. Ufagio si gharama.

#13 Koleo_la_Moto

Njia yangu ni duara na treni ni moja. Ila mwenye treni mbili, sawa, isimame. Angalau mtu ajaribu kabla ya siku ya wageni: zima rimoti huku treni inatembea uone inafanya nini. Risiva nyingine zikitoka dukani hazijasetiwa chochote.

#14 Luthuli_Fundi

Kwa wenye hawawezi kuagiza rimoti ya treni: ESP32 moja, kile kibodi kidogo cha kupangia programu chenye Wi-Fi na Bluetooth, na simu yako inatosha. Simu inaongea na ESP32 kwa Wi-Fi au Bluetooth, ESP32 inatuma PWM (kuwasha na kuzima haraka haraka ili kupanga mwendo) kwa draiva ya mota. Lakini ile draiva nyekundu ya L298N iko kila duka, iache. Inameza karibu 2V na kuzigeuza joto. Kwa pakiti ya 11V hiyo ni hasara kubwa. Tafuta ya MOSFET, kama BTS7960. Ni kubwa kidogo lakini haipati joto kwa ampea zetu.

Uzuri wa kuandika programu mwenyewe ni kwamba unaweza kuipa treni uzito wa bandia. Ukivuta mwendo ghafla, programu inapandisha polepole, na ukizima inajiburuta kabla ya kusimama. ESC za magari ya kuchezea hazina hiyo, zinaruka. Pia unachagua masafa ya PWM: ukiweka kHz 20 mota haipigi mluzi, ukishuka mpaka Hz 100 inanguruma lakini inatambaa vizuri zaidi ikianza. Mimi niko kwa 100 mwanzo, halafu napandisha.

#15 Mkeka_Mpana

Na jua la Dar? Kichwa cheusi, saa saba mchana, betri ya lithiamu ndani.

#16 Taruma_Kuukuu

Swali zuri. Kutembea si tatizo kubwa, kuchaji ndiko kwenye shida. Seli nyingi za aina hii kiwanda kinasema zisichajiwe zikiwa zaidi ya nyuzi 45, na plastiki nyeusi juani inapita hapo upesi. Ukimaliza kuendesha, toa betri, ipoe kivulini, ndipo uchaji. Kwa sababu hiyo nisingefunga betri kwa gundi ndani ya kichwa kabisa, iwe ya kuchomoka. Anayetaka usingizi zaidi achukue LiFePO4, aina nyingine ya lithiamu: 3.2V kwa seli, kubwa kidogo kwa uwezo ule ule, lakini ni tulivu sana. Chaja yake ni tofauti, inaishia 3.6 kwa seli. Usiichaji kwa chaja ya 4.2.

#17 BintiKigoma

Nimepima kama mlivyosema. Hewani 0.3. Ikivuta vibehewa viwili 0.6. Nikikaba 2.1. Mota imeandikwa 18V. Ndani ya boila zinaingia seli mbili tu, moja nyuma ya nyingine, ya tatu haiingii hata kwa kulazimisha. Seli mbili si 7.4V? Nimejaribu kwa chaja ya zamani ya volti kama hizo, inatambaa tu, mlimani haipandi.

#18 Taruma_Kuukuu

Namba safi hizo, mota yako nzima. Kuna vibodi vya kupandisha volti, 7.4 iwe 12, lakini ampea unazochota kwenye seli zinapanda kwa kiasi hicho hicho na zaidi, na kibodi chenyewe kinataka nafasi. Kwa kichwa kidogo namna hiyo nisingehangaika. Weka seli tatu na BMS kwenye behewa la kwanza nyuma yake, lile la mizigo lililofungwa, na waya mbili zipite chini ya kiungio. ESC na risiva zibaki kwenye boila.

#19 BintiKigoma

Behewa la mizigo ninalo, mlango wake unafunguka. Plagi ya kuunganisha behewa na kichwa nitumie ipi? Nina zile ndogo nyekundu za JST.

#20 Luthuli_Fundi

Hizo zinabeba kama ampea 3, kwa 2.1 yako ziko sawa. Upande wa betri weka jike, upande wa kichwa dume, ndiyo pini zenye moto zisibaki wazi ukichomoa. Na fyuzi ibaki kwa behewa, si kwa kichwa.